Sahihi Bila Kusoma

Andiko: Kumbukumbu la Torati 6:6-7



Jumanne wiki jana nilifika nyumbani saa mbili usiku, nimechoka. Binti yangu wa Gredi ya 4 akaniletea daftari la kazi ya ziada nitie sahihi, vile mwalimu anataka. Nikamuuliza, "Leo mmefanya nini?" Akanijibu, "Baba, weka tu sahihi. Kwani huwa unasoma?"

Nikafungua daftari. Hesabu za kugawanya zilikuwa zimemshinda kwa wiki tatu, na sahihi yangu iko chini ya kila ukurasa.

Wapendwa, mimi nilisomea biashara. Mtu akitia sahihi vitabu vya hesabu bila kuvisoma, kampuni inaweza kuanguka. Ofisini singethubutu. Nyumbani nilikuwa nafanya hivyo kila jioni.

Musa aliwaagiza Waisraeli wawafundishe watoto wao maneno ya Mungu wakiketi nyumbani, wakitembea njiani, wakilala na wakiamka. Ni kweli, hapo hazungumzii kugawanya. Lakini ona mahali pa kufundishia: ni pale mzazi na mtoto wako pamoja. Kama hatuketi naye kwa daftari, atatusikiliza vipi tukifungua Biblia?

Kuna mzazi atasema, "Pasta, mimi sikusoma sana, na hii CBC imenishinda." Mama, si lazima ujue jibu. Mwambie, "Hebu nisomee. Hapa umefanyaje?" Akikueleza, yeye mwenyewe anaelewa zaidi. Unauza mboga mpaka usiku? Mketishe kando yako kibandani, asome ukikata sukuma. Mkikwama nyote wawili, muulize mwalimu. Si aibu.

Na sisi tunaojua, tusimnyang'anye penseli. Kumfanyia kazi, ama kulipa mtu amtengenezee mradi, ni kumfundisha udanganyifu, halafu Jumapili tunamleta kanisani afundishwe ukweli.

Wiki hii, wazazi wenzangu, tumpe mtoto dakika 20 kila jioni. Zima TV, weka simu mbali, keti naye. Usianze na kelele; anza na swali. Soma kwanza, ndipo utie sahihi.

Tuombe: Bwana, tusamehe kwa jioni tulizopoteza. Tupe subira tukiwa tumechoka, na utufundishe kuketi na watoto uliotupa. Katika jina la Yesu, Amina.