Shahada ya Pili Kabla ya Daftari la Kazi

Kisa hiki nimekikusanya kwa vijana kadhaa wa Lushoto, nikakivisha mtu mmoja ili nisimwanike yeyote. Wazazi wa Mlalo, Soni na Bumbuli watakitambua upesi, kwa kuwa wengi wao ndio waliokilipia.

Kijana alihitimu uhandisi wa ujenzi Dar es Salaam mwaka 2016. Ulikuwa mwaka mgumu. Mwezi Juni serikali ilisimamisha ajira mpya ili kuwaondoa watumishi hewa, uhakiki wa vyeti ukafuata, na wahitimu waliokuwa wakiitazamia halmashauri wakabaki kutazamana. Akarudi kwao Mlalo na bahasha ya vyeti.

Hakukaa sana kabla ya kuitwa. Mkandarasi mmoja alikuwa akikarabati makalavati na kuta za kuzuia udongo kwenye barabara ya kutoka Mombo kupanda Soni hadi Lushoto. Ni kilomita zisizozidi 40, lakini kila masika mlima hushuka barabarani, na kila masika kuna kazi. Mkandarasi alitaka msaidizi wa mhandisi wa site. Malipo laki tatu kwa mwezi, kulala Soni, kula juu yake mwenyewe.

“Mjomba, laki tatu?” alimwambia mjomba wake, mwalimu mstaafu ambaye ukoo mzima ulimsikiliza. “Fundi mwashi ananizidi.”

“Basi usiende ukajidhalilishe,” mjomba akajibu. “Elimu haina mwisho. Soma ya pili, ajira zikifunguliwa wakukute juu.”

Ushauri ulitoka kwenye mapenzi, na hapo ndipo ulipokuwa na nguvu. Baba mtu hakubisha. Alikuwa na kipande cha shamba bondeni, penye maji mwaka mzima, alikolima kabichi, karoti na pilipili hoho za kupeleka Dar es Salaam. Mashamba ya bondeni Usambara ni machache, na aliyeuza hapati tena kwa bei ile. Akauza. Ada ya miaka miwili ikapatikana.

Jambo ambalo mjomba na baba hawakulijua, na kijana alilijua akalipuuza, ni kwamba nchi hii mtu hawi mhandisi siku ya mahafali. Sheria ya Usajili wa Wahandisi ya mwaka 1997 iliiunda Bodi, ERB, na Bodi husajili kwa ngazi. Anayetoka chuoni husajiliwa kama mhandisi mhitimu. Ili awe mhandisi mtaalamu, mwenye haki ya kuweka sahihi kwenye kazi na kuwajibika kwayo, lazima kwanza afanye kazi chini ya mhandisi aliyesajiliwa, aandike alichofanya, akaguliwe, ahojiwe. Tangu mwaka 2003 Bodi inaendesha mpango wa mafunzo kwa wahitimu, unaojulikana kwa kifupi cha SEAP, wa miaka mitatu. Miaka hiyo ni nusu ya pili ya shahada ya kwanza. Asiyeipitia ana shahada nusu, hata akiiwekea nyingine juu yake.

Nafasi aliyoikataa ilikuwa na mhandisi msimamizi aliyesajiliwa. Kijana hakuuliza. Aliuliza mshahara tu.

Aliyeichukua ni binti wa Bumbuli waliyesoma naye darasa moja. Alilia mwezi wa kwanza. Vibarua hawakumsikiliza na mvua haikumhurumia. Lakini kila jioni alijaza daftari: leo tumemwaga zege kiasi gani, mchanga umetoka wapi, kalavati limeziba kwa nini. Msimamizi wake alisoma na kuweka sahihi. Kufika mwaka 2020 alikuwa na usajili kamili, na alikuwa amehamia kwenye miradi ya maji ya vijijini, iliyokuwa imewekwa chini ya wakala wa RUWASA mwaka uliotangulia. Huko alikutana na tatizo lililomnyima usingizi: mabanio ya skimu za mserereko yanajaa tope upesi kuliko michoro inavyodai. Akaomba kwenda taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, kusomea rasilimali za maji. Alikwenda na swali lake mkononi, na ruhusa ya mwajiri mfukoni.

Yule mwenzake naye alisoma kwa bidii, sitamnyima haki hiyo. Utafiti wake ulihusu uthabiti wa miteremko. Mtoto wa Usambara kuandika juu ya maporomoko, nani angechagua vizuri zaidi? Ila hakuchota hata kopo moja la udongo wa Mlalo. Takwimu alizilisha kwenye programu ya kompyuta kutoka machapisho ya nchi za mbali, kwa sababu hakuwa na mradi wa kumpa sampuli, wala mkandarasi wa kumpa kijiko cha kuchimbia. Barabara ya kwao iliziba mara kadhaa akiwa maktaba, akiandika kuhusu barabara kuziba.

Alipomaliza, akaanza kuomba kazi. Matangazo ya nafasi za juu yalitaka mhandisi mtaalamu aliyesajiliwa. Yale ya Mhandisi Daraja la II yalitosheka na shahada ya kwanza, na huko alipanga foleni pamoja na vijana waliomaliza juzi. Kampuni binafsi zilimwona ghali kabla hajataja bei.

Moja ilimwita kwenye usaili. Mzee mmoja kwenye meza, aliyekaa kimya muda wote, alimwuliza: “Kijana wangu, ukuta wako wa mawe umemaliza mwaka mmoja, sasa umetoka tumbo katikati. Unafanya nini kesho asubuhi?”

Kijana alieleza kigezo cha usalama, pembe ya msuguano, jinsi ya kujenga modeli. Alieleza vizuri, kwa dakika nyingi.

“Matundu ya kutolea maji umeyaangalia?” mzee akauliza.

Alijua kwa nini matundu yale yapo. Maji yakinaswa nyuma ya ukuta, shinikizo lake hulegeza udongo na kusukuma mawe, kwa hiyo hutangulizwa kokoto za chujio nyuma na mabomba madogo ya kupitisha maji mbele. Ilikuwa katika sura ya pili ya tasnifu yake. Lakini hakuwa amewahi kupiga magoti mbele ya ukuta na kuingiza fito kwenye tundu lililozibwa na saruji ya fundi mvivu. Mtu aliyeishi Soni masika moja angeanza na fito. Hakuitwa tena.

Milima hii imeshawahi kutufundisha jambo hili kwa gharama kubwa. Miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilianzisha Mlalo mpango wa kuhifadhi ardhi, wataalamu wakaagiza matuta kwa amri. Mmomonyoko ulikuwepo kweli. Walichokosa ni kuwasikiliza waliolima mteremko ule, Wasambaa wakaukataa, na mpango ukafa kabla ya Uhuru. Elimu yao ilikuwa kubwa. Ilifika juu ya ardhi bila kuigusa.

Sisemi shahada ya pili ni kosa. Anayetaka kufundisha chuo kikuu, mwenye alama za kumwezesha na anayelipiwa masomo, aende moja kwa moja wala asisite. Mlango wake ni huo. Ninachokikataa ni kusoma ili kukwepa kusubiri, na zaidi kusoma kwa shamba la baba. Tukumbuke kwamba wengi wa vijana hawa tayari wanadaiwa na Bodi ya Mikopo, na siku wanapoajiriwa asilimia 15 ya mshahara hukatwa kwanza.

Kijana wetu yuko kazini leo, upande wa Korogwe, msaidizi wa mhandisi wa site, kwa malipo yasiyozidi sana yale aliyoyakataa. Anajaza daftari. Baba yake anakodi shamba lililokuwa lake, msimu kwa msimu.

Mzazi wa Lushoto ambaye mwanao amehitimu uhandisi na anakuomba ada ya shahada ya pili, kabla hujauza chochote mwulize mambo mawili: umejisajili ERB kama mhandisi mhitimu, na ni swali gani la kazini linalokurudisha chuoni? Na wewe mhitimu, ukiitwa site yenye msimamizi aliyesajiliwa, uliza jina lake kabla ya kuuliza mshahara, kisha nunua daftari na viatu vya mvua uende.