Nyoka wa Shaba Nyumbani Mwetu

Ibada ya sanamu inapohubiriwa, wengi wetu hukaa kwa utulivu. Matambiko tuliyaacha, hirizi tulizichoma, na nyumbani hatuna kinyago tunachokisujudia. Siku hizi tunatajiwa fedha, simu na mpira, na ni kweli, lakini hizo si ngumu kuzitambua. Hata asiyekwenda kanisani anajua kwamba fedha humtawala mtu. Iko sanamu ambayo ni vigumu zaidi kuiona, kwa sababu tuliipokea kutoka mkononi mwa Mungu.

Katika Hesabu 21 Waisraeli wanaumwa na nyoka jangwani, na Mungu anamwagiza Musa atengeneze nyoka na kumweka juu ya mti. Aliyeumwa akimtazama, anapona. Nyoka yule wa shaba hakutoka kwa Baali wala kwa Wamisri. Mungu ndiye aliyeagiza, na watu walipona kweli. Sasa tufungue 2 Wafalme 18. Imepita miaka zaidi ya 500, na mfalme Hezekia anakuta watu wanamfukizia uvumba nyoka yule yule. Anamvunja vipande vipande.

Bila shaka siku ile walikuwako waliolia. Mababu zao walipona kwa kumtazama! Lakini Hezekia hakuukana muujiza wa jangwani. Alichokataa ni watu kukumbatia chombo huku mwenye chombo wamempa kisogo.

Kwetu, tuyatazame mafuta. Tarehe 1 Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa uwanjani wakati umati ulipokuwa ukisukumana kwenda kukanyaga mafuta ya upako. Hatuwasimangi marehemu. Walikwenda kutafuta kile ambacho yeyote kati yetu hukitafuta akiwa na mgonjwa ndani, au deni lisilolipika. Swali ni letu tuliobaki. Mafuta yamo katika Maandiko. Yakobo 5 inasema mgonjwa awaite wazee wa kanisa wamwombee na kumpaka mafuta kwa jina la Bwana. Tuangalie vizuri ni nani anayemwendea mwenzake hapo. Mgonjwa amelala kwake, na wazee ndio wanaokuja, watu wanaomjua kwa jina, na kazi kubwa waliyojia ni kuomba. Hakuna anayekimbia kwa hofu kwamba mafuta yataisha. Basi ni lini yalitoka katika mikono ya wazee wale yakawa kitu cha kugombania?

Wala tusiwacheke wenzetu, maana na sisi tunaojiona watulivu tuna shaba yetu. Biblia tunaiweka chini ya mto wa mtoto anayeweweseka, nayo haijafunguliwa tangu Pasaka. Na jengo la kanisa je? Mjane wa jumuiya yetu amekatiwa maji, na kikao kizima kinakwisha tukijadili rangi ya vigae vya madhabahuni. Jengo ni zawadi ya Mungu, hilo halina ubishi. Hata nyoka alikuwa zawadi.

Wako wanaouliza kama wamwage chupa ya mafuta waliyo nayo nyumbani. Hatudhani kwamba kila chupa imwagwe. Nyoka yule alikaa karne nyingi, na Maandiko yanataja uvumba ndipo yanapotaja kuvunjwa kwake. Afadhali tuifungie kabatini mwezi mmoja, tuendelee kusali saa ile ile, kwa haja ile ile. Tutajifunza mengi usiku wa kwanza tu, tukiona kama usingizi unakuja au mkono unapapasa kichwani pa kitanda. Na hofu ikizidi, tuwaite wazee, hata kama ni usiku, waje waketi nasi na kuomba.