Kwaya Yangu Ilipogeuka Korbani



Vijana wenzangu, leo tutafakari swali moja: je, mtu anaweza kumtumia Mungu kama kisingizio cha kukwepa wajibu wa nyumbani?

Tunaishi Munanila, huku milimani Kigoma, karibu na mpaka wa Burundi. Tuna watoto watatu. Wa kwanza ana miaka 7, wa mwisho bado ananyonya. Tunaishi pia na mama yangu mzazi. Mama amezeeka, anasahau. Usiku anaamka akidhani kumekucha, anatafuta jembe aende shambani. Mara nyingine ananiita kwa jina la marehemu baba.

Mimi ni mwanakwaya. Kwaresima tulikuwa na mazoezi karibu kila jioni, na sikukosa hata siku moja. Niliona nampa Mungu muda wangu. Jioni moja mvua ilivunja mazoezi, nikarudi mapema. Mke wangu alikuwa jikoni anasonga ugali, mtoto mgongoni. Binti yetu amekaa mlangoni, madaftari yamefungwa, ameshika pindo la kanga ya bibi yake. Nikamwuliza mbona hasomi.

"Nimemshika bibi asitoke. Mama kasema nimshike mpaka urudi."

Kumbe nyimbo zangu zilikuwa zinalipiwa na mtoto wa miaka 7!

Someni Marko 7:9-13. Yesu anawakemea Mafarisayo na waandishi kwa sababu walimruhusu mtu atangaze mali yake kuwa Korbani, yaani sadaka kwa Mungu, halafu asiwasaidie tena wazazi wake. Kutoa sadaka si dhambi. Ubaya ni kumpa Mungu kile ambacho tayari ni haki ya mama. Na pale Yesu anaongea na watu wazima. Amri ya kuwaheshimu wazazi haikomi tukishapata watoto wetu. Yoshua bin Sira, sura ya 3, anataka tumvumilie mzazi hata akili zikimpungukia.

Mwaka 2021 Papa Fransisko aliitenga Jumapili ya nne ya Julai kwa ajili ya mababu, mabibi na wazee. Ni vizuri tuimbe siku hiyo. Ila Jumatatu mama bado yupo.

Sijaacha kwaya. Nimeongea na mwalimu wetu, sasa naenda mara mbili kwa wiki. Jioni nyingine namlisha mama, namwosha miguu, nasikiliza habari alizonisimulia jana. Nimempigia pia kaka yangu aliye Kigoma mjini, nikamwambia ukweli kwamba peke yetu hatuwezi. Zamani niliona aibu kuomba msaada. Aibu ile ilikuwa kiburi, na mzigo wake aliubeba mke wangu.

Bado zipo siku nashindwa. Mtoto analia huku, mama anaita kule, mikono ni hii miwili. Siku hizo naomba msamaha, kesho naanza tena.

Nawe, kabla hujatoka kwenda mazoezini jioni hii, hebu geuka nyuma uangalie: nani amebaki amemshika bibi?

Ee Bwana, utufundishe kukutumikia bila kuwatwisha wengine mizigo yetu. Amina.