Wakati ni wa Nani?



Tangazo husema mkutano utaanza saa tatu kamili asubuhi. Wachache hufika saa tatu, wengi hufika saa nne, na mchelewaji akiulizwa hujibu kwa kicheko kwamba hizo ndizo saa za Kiafrika. Jibu hilo limezoeleka hata halimshtui mtu. Je, ni jibu la haki? Tukitaka kulipima vema, yafaa kwanza tuyatazame maneno yenyewe tunayoyatumia kila siku.

Neno "wakati" asili yake ni Kiarabu, nalo latoka katika shina lenye maana ya kuliwekea jambo muda wake. Ndiyo maana jirani zetu Waislamu huzitaja kwa neno hilo nyakati za sala tano. Basi tangu asili yake wakati si muda mtupu, bali ni muda wa jambo fulani. Mkulima wa Singida alijua hili pasipo kufundishwa. Mvua zetu ni za msimu mmoja, tangu karibu na Desemba hadi Aprili. Aliyeuacha wakati wa kupanda mtama au alizeti ukapita, hawezi kuununua sokoni wala kuukopa kwa jirani.

"Saa" nalo ni neno la Kiarabu, lenye maana ya kitambo. Kwetu limekuwa kipimo, tena jina la chombo tunachovaa mkononi. Maneno huhama hivyo hata kwa watu wengine. Wapolandi, ambao maelfu yao waliishi Tengeru, na wengine Kondoa, kama wakimbizi wa Vita Kuu ya Pili, huuita wakati "czas". Kwa Warusi neno la asili hiyohiyo ni saa. Huku neno lataja wakati wote, kule lataja sehemu yake iliyopimwa.

Sisi twaihesabu saa tangu kucha, na ndivyo Injili inavyohesabu. Tukisoma habari za wafanyakazi walioajiriwa saa kumi na moja, hatuhitaji maelezo. Twajua jua lilikuwa karibu kutua. Kwa hiyo asidhani mtu kwamba kuhesabu saa ni mzigo wa wageni.

Padre John Mbiti wa Kenya (1931–2019), Mwanglikana mwenzetu, aliandika mwaka 1969 kwamba kwa Mwafrika wakati hufanywa na matukio, wala si bidhaa ya kuuzwa na kununuliwa. Yule anayeonekana ameketi tu, alisema, hapotezi wakati, huenda anaungoja. Aliongeza kwamba katika fikra zetu za zamani wakati ujao wa mbali haukuwa na nafasi kubwa, na hapo wengi walimpinga. Hata Kiswahili chatupa la kufikiri: neno "kesho" lina undugu na "kukesha". Anayekesha anajua kwamba kutakucha.

Hoja ya kwanza ya Padre Mbiti ina kweli kubwa, lakini haimtetei mchelewaji. Anayengoja mvua, angoja jambo lililo juu ya uwezo wa mwanadamu. Anayengojewa kikaoni yuko nyumbani, anamalizia chai. Na waliofika saa tatu wameacha kitu: mama ameacha biashara yake sokoni, kibarua ameacha ujira wa asubuhi. Watu thelathini wakingoja saa moja, ni saa thelathini zilizochukuliwa bila ruhusa. Saa tatu ikishatangazwa na kukubaliwa, imekuwa ahadi. Kuivunja ni kuvunja ahadi, wala si utamaduni.

Hata hivyo liko kosa la upande wa pili. Mgonjwa hakutembelewa, mfiwa hakupewa pole, na sisi twasema, "Sikuwa na wakati." Ikiwa wakati ni wa jambo fulani daima, maana ya maneno hayo ni kwamba jambo lake halikuwekwa miongoni mwa mambo yetu. Hapo si saa iliyopungua. Ni sisi tuliopanga hivyo.

Na mambo mawili yakigongana? Mtu yuko njiani kwenda kikaoni, akakuta jirani amefiwa usiku. Hapana budi asimame. Lakini atume neno kikaoni, wenzake wasikae wakimtazamia mlangoni. Huyo amechelewa, wala hakumdhulumu mtu. Tofauti yake na mwenye chai haionekani katika saa ya ukutani, kwa maana wote wawili wameingia saa nne. Yaonekana katika kile kilichowachelewesha, na katika kuwakumbuka wanaongoja.

Basi tukisikia tena habari ya saa za Kiafrika, tuulize kwa upole: ni nani aliyekuwa akingoja, naye aliacha nini ili aje?