Zamu, na Saa ya Zamu

Hebu tuulizane, vijana wenzangu: haki ni kugawana sawa, au ni kila mtu kupata chake kwa saa anayokihitaji? Wazee wetu huku Vugiri ukiwauliza watasema ni yote mawili, halafu wataagiza chai. Mimi jibu hilo halinitoshi. Nimekwenda kulitafuta mahali ambapo wengi wenu hamtarajii, ndani ya kompyuta inayoendesha gemu la mtandaoni.

Msicheke. Kiini cha prosesa hushika kazi moja kwa wakati mmoja. Kinaifanya kidogo, kinaiacha, kinashika nyingine, na kwa vile kinabadilisha upesi mno sisi tunadhani zote zinakwenda pamoja. Anayeamua nani ashikwe sasa ni mgawa zamu aliyemo ndani ya mfumo endeshi. Huyo bwana ndiye ninayemtaka.

Seva rasmi za gemu la Counter-Strike: Global Offensive zilikuwa zikiihesabu upya dunia yao mara 64 kwa sekunde, yaani kila baada ya milisekunde 15 na ushee. Seva inaamka, inaangalia nani kakimbilia wapi na nani kafyatua risasi, inatoa majibu, inalala. Kazi yenyewe si kubwa. Lakini ikicheleweshwa kuamka, hata kwa milisekunde kumi tu, mchezaji anaona mambo yanakatakata na anakufa nyuma ya ukuta aliokwisha jificha. Kijana wa Dar anayecheza kwenye seva iliyoko London tayari ana deni la bahari: mwanga ndani ya waya wa kioo hauwezi kwenda na kurudi umbali ule chini ya milisekunde 70. Hilo halina mjadala. Zamu ndiyo ina mjadala.

Mwaka 2007 Linux ilipata mgawa zamu mpya aliyeandikwa na Ingo Molnár, na jina lake lilijigamba kwamba ni wa haki kabisa. (Aliyemtia hamasa ni Con Kolivas wa Australia, daktari wa usingizi! Waandishi mnaosingizia kazi za mchana, mpo?) Utaratibu wake ni rahisi: tazama nani amekula kidogo kuliko wenzake, mpe yeye. Ni haki, sawa. Ila haki hiyo ilipima kiasi kuliko saa. Mwaka 2023 ukaja utaratibu mwingine, uliotokana na wazo la miaka ya 1990, unaotenganisha mambo hayo mawili: anayeomba vipande vifupi anawahishwa, lakini jumla ya fungu lake haiongezeki.

Hapo ndipo niliposhtuka. Mzee anayepishwa kwenye foleni ya zahanati haongezewi vidonge, anawahishwa tu. Na majani ya chai yakingoja mizani juani yanakauka, kilo zinapungua. Wachumaji wawili wamechuma sawa, wana haki sawa ya kupimiwa, ila wa nyuma analipa kusubiri kwa kilo zake. Utamwambia foleni ilikuwa ya haki?

Basi wapo wenye seva wanaokata shauri kabisa: programu yao inawekwa daraja la juu, ikishika prosesa haiachii mpaka itake yenyewe. Ndio, gemu linateleza kama samli. Siku programu hiyo ikizunguka bila kulala, mashine nzima inaganda, hata mwenyewe hawezi kuingia kuizima. Ndiyo maana kwa miaka mingi Linux, isipobadilishwa, iliwabania wakubwa hao milisekunde 50 katika kila sekunde, ziwe za wanyonge.

Tena mkubwa naye humtegemea mdogo. Mwaka 1997 chombo cha Pathfinder, kikiwa Mars, kilianza kujizima na kujiwasha. Kazi ya daraja la juu ilikuwa inangoja ufunguo ulioshikwa na kazi ndogo ya hali ya hewa, na ndogo hiyo haikupata zamu ya kuumaliza na kuuachia kwa sababu kazi za kati zilikuwa zinampita tu. Wahandisi walirekebisha kutoka duniani: yule mdogo, akishika ufunguo unaongojwa na mkubwa, apandishwe daraja la mkubwa kwa muda huo. Hakuna aliyemkemea mkubwa awe na subira.

Mimi nasimama na wanaowahisha bila kuongeza. Kinachonisumbua ni nani anapanga. Kwenye Linux ipo amri inaitwa nice: mtumiaji wa kawaida anaruhusiwa kujishusha daraja apendavyo, wala haulizwi. Kujipandisha, mpaka msimamizi wa mashine akubali. Na msimamizi huyo, mara nyingi, ndiye mwenye gemu.