Mirathi ya Kilindini

Mwaka 1982 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari uliitangaza sakafu ya bahari iliyo nje ya mipaka ya nchi zote kuwa urithi wa pamoja wa wanadamu. Wengi waliposikia "urithi" walisikia "mgawo". Mafakihi hawasikii hivyo. Mirathi haikatwi siku ya msiba: kwanza mali ijulikane, madeni yalipwe, wasia utekelezwe, na kama yupo mrithi aliye tumboni, fungu lake liwekwe hadi azaliwe. Masharti hayo yaliwekewa mashamba na nyumba, lakini naona yanaibana sakafu ya bahari kuliko shamba lolote.

Katika Pasifiki, kati ya Hawaii na Mexico, lipo eneo la Clarion-Clipperton, kina cha mita 4,000 na zaidi, ambako vinundu vyenye manganizi, nikeli, shaba na kobalti vimetapakaa juu ya tope. Kinundu hukua milimita chache tu kwa miaka milioni. Wanaovitaka wameshavikadiria kwa tani. Lakini kati ya kila spishi kumi za wanyama wa huko chini, takribani tisa hazijapewa hata jina la kisayansi. Mizani ipo, daftari la mali halipo. Wala viumbe hao si mapambo. Utafiti uliochapishwa 2008, uliochunguza minyoo wadogo wa jamii ya nematodi katika vituo 116 vya bahari kuu, ulionyesha kwamba pale aina zao zinapozidi, kazi ya mahali hapo ya kuyageuza mabaki kuwa chakula na uhai mpya huzidi kwa kasi kubwa zaidi. Mtu atasema, na kwa haki, kwamba kuandamana si kusababishana. Huenda wingi wa chakula ndio unaolea vyote viwili. Sawa. Lakini shaka hiyo haimsaidii mgawaji, kwa kuwa anayechomoa jiwe ndiye wa kuthibitisha kwamba ukuta hautaanguka.

Hoja nzito zaidi yatoka nchi kavu. Sehemu kubwa ya kobalti ya dunia huchimbwa Kongo, na huko, katika mji wa Kolwezi, watu huhatarisha maisha mashimoni. Je, mnyoo asiyeona jua awe na thamani kuwapita? Hawapiti. Ila hoja hii inachukulia kwamba baharini kukifunguliwa, mashimo ya Kolwezi yatakuwa salama. Kwa nini yawe? Madini yakifurika sokoni bei hushuka, na wa kwanza kupunjwa ni mchimbaji mdogo. Anaitwa shahidi katika mirathi ambamo hakutengewa fungu.

Limebaki deni, yaani madhara ya uchimbaji, ambalo husemwa kwamba bahari yenyewe italilipa kwa kujiponya. Mwaka 1989 wanasayansi walikokota plau juu ya vinundu katika kilindi cha bahari ya Peru ili waone. Hawakuchimba chochote, walilima tope tu. Waliporudi 2015, matuta ya plau yalikuwa bado yanaonekana, na ndani yake vijidudu vilikuwa vikifanya kazi kwa unyonge kuliko tope la kando ambalo halikuguswa.