MASALIO NA WATOTO WETU
Masomo: Yoane 6:1-13; 2 Wafalme 4:1-7



Siku ile Bwana Yesu alipolisha watu elfu tano, chakula kilitoka kwa mtoto: mikate mitano ya shayiri na samaki wawili. Watu waliposhiba, Bwana hakuondoka mara. Aliwaagiza wanafunzi kuokota vipande vyote, navyo vikajaza vikapu 12. Yeye aliyeweza kuongeza mkate hakudharau masalio. Sisi ni nani hata tuyatupe?

Tazameni tena mjane wa siku za Elisha. Mdai alikuja kuchukua wana wake wawili wawe watumwa. Nabii akamtuma kuazima vyombo vitupu kwa jirani. Wana wale wakawa wanamletea vyombo, naye akimimina mafuta, mpaka deni likapata malipo. Wapenzi, watoto wale hawakuketi kutazama. Walishika kazi ya wokovu wao kwa mikono yao.

Hapo ndipo wazazi wengi tunapokosa. Tunamwambia mtoto asitupe ovyo, kisha anatuona tukitupa sashe mferejini. Sikio la mtoto linasahau, jicho lake halisahau. Basi tumpe kazi angali mdogo.

Nyumbani, bidoni ya mafuta ya ngazi aioshe kwa sabuni, itumike kuteka maji. Lakini bidoni ya mazuti au ya dawa ya wadudu isitiwe maji ya kunywa hata ikioshwa mara saba. Mtoto afundishwe kutoigusa. Maganda ya ndizi ampelekee mbuzi. Sashe nzima aifue, aianike, irudi sokoni. Tusiwashie makala kwa sashe, maana moshi wake ni sumu kwa kifua cha mtoto.

Kwa masomo, tangu mwaka 2019 Serikali ilitangaza shule ya msingi kuwa ya bure, lakini kaye bado hutoka mfukoni mwa mzazi. Mwaka ukiisha, kurasa nyeupe zilizobaki zishonwe pamoja, ziwe kaye ya kufanyia hesabu. Shati nyeupe ya mkubwa ipunguzwe kwa mdogo. Walimu wa watoto wa Siku ya Mungu, kusanyeni vifuniko vya chupa, wadogo wajifunze kuhesabu navyo. Mtoto asione haya. Kanzu zetu nyeupe za ibada tunazifua na kuzishona miaka mingi, wala hakuna anayetucheka.

Tena tazameni Bukavu. Chupa na masashe ya mifereji hushuka na mvua mpaka ziwa Kivu, maji yakayapeleka kwenye mashine za umeme za Ruzizi, yakaziziba. Mtu hutupa chupa mchana, usiku anauliza sababu ya giza. Serikali ilikataza masashe kwa amri ya tarehe 30 Desemba 2017, lakini amri haiingii nyumbani kama mzazi hakuifungulia mlango.

Basi, juma hili kila nyumba iweke kikapu kimoja cha masalio, na mtoto mdogo wa nyumba awe mlinzi wake. Siku ya Mungu ijayo watoto walete mbele ya kanisa kile walichookoa, nasi tuwabariki.

Mungu aliyejaza vyombo vitupu vya mjane azijaze nyumba zetu. Amina.

Shemasi wenu